Maji ya Gari

Mtaani walimwita Sifuri, naye alidhani anasifiwa. Jina lilitokana na kidude chake cha kupimia maji, chembamba kama kalamu, alichokitumbukiza ndooni kila alipotaka kuosha gari. Namba ikisoma sifuri, maana yake maji hayana madini hata chembe, na mzee mzima aliangua kicheko cha furaha ambacho mkewe hakuwahi kukisikia chumbani wala mezani. "Sifuri!" alipiga kelele peke yake uani. Na majirani, watu wasio na huruma, wakamwitikia kutoka ng'ambo ya ukuta: "Sifuri!"

Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa bosi mmoja. Alipostaafu, bosi alimwachia gari jeusi alilokuwa akiliendesha, na kuanzia hapo aliwasahau hata watoto aliowazaa. Sasa maji ya mtaa ule ni ya kisima, na yana chokaa si mchezo. Ukiosha gari jeusi kwa maji hayo likakaukia juani, linabaki na vidoa vyeupe mwili mzima kama kanga. Ndiyo maana Sifuri alinunua mtungi wa kuchujia, umejaa vipunje laini vinavyonyonya chokaa na chumvi zote. Aliosha gari kwa sabuni na maji ya kisima, kisha akalisuuza mara ya mwisho kwa maji ya mtungi. Hapo halikuhitaji hata kitambaa. Lilijikaukia lenyewe, na kama ulitaka kunyoa ndevu ungesimama mbele ya mlango wake.

Mkewe alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa chake: meza ndefu, kamba za nguo na pasi ya mvuke iliyokunywa maji yaleyale ya kisima. Chokaa ilijijenga ndani ya pasi, ikaziba vitundu, halafu ikachagua wakati wake, ikatema uji mweupe juu ya nguo ya watu. Maji ya betri ya dukani, yasiyo na chokaa, yalikuwa ghali kuliko kazi yenyewe. Na pale uani, hatua chache tu, kulikuwa na mtungi.

"Baba watoto, nigawie kikombe kimoja cha maji yako, niweke kwenye pasi."

"Maji haya ni ya gari."

"Kikombe tu, mume wangu."

"Vipunje vinachoka, we mwanamke! Gari langu na pasi yako wapi na wapi? Siki ipo jikoni, kasugue."

Alisugua kwa siki mpaka vidole vikanuka achari, na pasi ikaendelea kutema.

Mteja wake mkubwa alikuwa mama mwenye ukumbi wa sherehe. Makoti meusi ya wahudumu wake ndiyo yaliyomfanya Dobi aheshimike mtaani. Siku moja, makoti yakiwa yamejaa mezani, aliiba kikombe cha maji ya mtungi. Pasi ikapumua mvuke msafi, koti la kwanza likatoka jeusi ti. Alijikuta anaimba. Hakujua kwamba mumewe alikuwa ameweka alama ubavuni mwa ndoo ya kukingia maji hayo.

Sifuri aliingia bila kuuliza, akainyakua pasi, akamwaga nje maji yake yote, kisha akaijaza maji ya kisima kwa mkono wake mwenyewe. "Endelea na kazi," alisema. Mama wa ukumbi alipofika, koti la juu lilikuwa na mabaka meupe kifuani. Kabla Dobi hajafungua mdomo, mumewe alikwishadakia mlangoni: "Huyu mke wangu, mama, hapigi pasi, anapaka chokaa! Kesho mleteeni na ukuta!" Mama wa ukumbi alicheka mpaka akajishika mbavu. Akabeba makoti yake, na hakurudi tena. Dobi hakulia. Chuki ilimkaa kooni kama mfupa, na kuanzia siku ile alikula, akalala na akamsalimia mumewe nayo.

Kuanguka kwa Sifuri kulikuwa kwa kijinga. Alirudi nyuma ili alitazame gari lake vizuri, akakanyaga povu la sabuni, akavunjika nyonga. Daktari alisema atatembea kwa magongo, lakini kuinama na kuchuchumaa asahau. Dobi alimwogesha, akamlisha, akamgeuza. Hakuna jirani aliyeweza kusema alimtupa mumewe.

Kisha asubuhi moja Sifuri akaamka na uso wa mtoto. Bosi amepiga simu, anakuja kumjulia hali mchana.

"Lioshe gari, mke wangu. Mtungi unajua ulipo."

Hilo la "mke wangu" alikuwa hajalisikia kwa muda mrefu. Akalisubiri limguse, halikumgusa. Alimtoa mgonjwa nje barazani, akamkalisha kwenye kiti, mto mgongoni. Akangoja jua likae utosini. Ndipo alipochukua mpira wa maji ya kisima, akalimwagia gari kuanzia paa mpaka magurudumu, akafunga bomba.

"Sasa ya mtungi," alisema Sifuri. "Haraka, jua kali."

Dobi alifungua mtungi, akakinga kikombe kimoja, akaingia nacho ndani.

"Linakauka! Mama watoto! Basi lifute, lifute tu! Nakuomba!"

Kutoka ndani ulisikika mvuke. Alipiga pasi shati la kazi, taratibu, kola kwanza, huku mumewe akilia barazani na madoa yakijitokeza moja baada ya jingine kwenye bodi nyeusi. Raha aliyoisikia ilimtisha. Hata hivyo hakuweka pasi chini.

Bosi alilizunguka gari, akapitisha kidole kwenye boneti. "Bwana, nilikuachia gari, umeniwekea kanga?"

"Ni mke wangu, bosi. Yeye ndiye..."

"Nimeliosha kwa maji tunayotumia sisi," alisema Dobi mlangoni. "Yale masafi nimeweka kwenye pasi."

Bosi aliwatazama wote wawili, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Si ungelipiga pasi hilo gari!" Na Sifuri, aliyezoea miaka yote kucheka bosi akicheka, akacheka naye kwa sauti, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Bosi alipoondoka, Sifuri alibaki ameinamisha kichwa. "Utanisaidia kuyatoa madoa?" aliuliza.

"Siki ipo jikoni," alisema mkewe, akarudi kwenye meza yake.