Jezi Moja ya Zacharia Wambua

Zacharia Wambua, fundi wa viyoyozi kutoka Machakos, alicheza beki katika timu moja tu kwa miaka kumi na miwili: Nyota ya Hindawiyah, timu ya wahamiaji wa Jedda wanaocheza kila Ijumaa baada ya alasiri. Wachezaji wa ligi hiyo ni kunguru, hawafugiki. Akiahidiwa viatu vipya, mtu humuoni tena. Zacharia aliahidiwa viatu, simu, hata kazi, akabaki. Wenzake wakambandika jina Mwingereza, eti ni wachezaji wa zamani wa kule tu waliozeekea ndani ya jezi moja.

Mwaka jana kafili wake, mwajiri anayemdhamini, akamhamishia Riyadh. Akapata chumba huko, mtaa wa Al-Dirah, na kila Alhamisi jioni akapanda basi, kilomita mia tisa na ushei, awahi mechi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na haja yake ilikuwa moja: mpira wake uishie pale ulipoanzia.

Kisha ligi, ikiwa imechoka na wachezaji wa kuazima, ikaamua kila mtu achezee mji anaofanyia kazi. Mike, katibu wa Nyota, alimpa habari hizo uwanjani, mkononi ana nakala ya ikama ya Zacharia, kibali cha ukaazi kilichoandikwa Riyadh.

“Mwingereza, halas, imekwisha. Enda ukachezee Riyadh.”

“Sichezi huko.”

“Na hapa utafanya nini? Utauza njugu?”

Kila timu hutoa mshika kibendera mmoja. Zacharia akaokota kibendera.

Siku hiyo walicheza na Baghdadiyah, majirani na mahasimu. Adhana ya magharibi, inayofunga kila mechi, ilikuwa karibu, bila kwa bila, Allan wa Nyota alipofunga. Watu wakaruka. Kibendera cha Zacharia kilikuwa juu. Refa akalikataa goli. Punde Baghdadiyah wakafunga lao.

Mike alimjia mbio. “Miaka kumi na miwili, Mwingereza! Wewe ni wa nani?”

“Wa Hindawiyah. Na Allan ni wa Hindawiyah. Ameotea.”

“Kweli, nilikuwa mbele ya beki wao hatua nzima,” Allan akasema, akifungua viatu.

“Nyamaza wewe pia!”

Zacharia akaanza kuivua jezi namba tano aliyoivaa chini ya fulana.

“Wacha hiyo,” Mike akafoka. “Namba hiyo hatujampa mtu. Lakini hicho kibendera nirudishie, na usikiguse tena.”

Akakirudisha, akaenda kutafuta basi.