Siku Niliyopigisha Makofi Matangani

Wewe unayenisikiliza, ukitaka kucheka, cheka, ila usinitaje jina mbele za watu, kwa sababu hapa Brussels wapo hadi leo wanaonijua kama yule Mtanzania aliyefundisha Kiingereza matangani, na aibu hiyo nimeizoea kama mtu anavyozoea kovu la goti.

Ilikuwa miaka ya tisini, vita vya Kivu vimewaleta watu wengi huku, nami nikajitolea kuwafundisha wakimbizi Kiingereza majumbani mwao kila Jumamosi. (Utauliza, Kiingereza cha nini katika mji wa Kifaransa? Ni kwamba baadhi yao walikuwa na ndugu Marekani, na huko ndiko walikotaka kwenda.) Nyumba yangu ya mwisho ilikuwa ya Papa Bahati na mkewe, Maman Nabintu, pale Laeken, ghorofa ya tatu, nao walikuwa wakingoja kuitwa ubalozi wa Marekani kuhojiwa, kila mmoja peke yake. Maman Nabintu kusoma anasoma, kuandika anaandika, ila kusema hasemi; ukimuuliza swali anafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilichokuwa nakitamani kwake ni sentensi moja tu, nzima, kwa sauti.

Basi nikabuni sheria: ukivuka mlango ni Kiingereza tu, anayeteleza ataimba peke yake, na anayemaliza sentensi tunampigia makofi. Nikawaambia pia waalike majirani, kwa kuwa mtu akizoea kusema mbele ya wageni hataogopa ubalozini. Nia ilikuwa njema, na nia njema ndiyo iliyonimaliza.

Jumamosi iliyofuata Papa Bahati akanifungulia mlango, macho mekundu.

"Mwalimu, bon, leo..."

Nikainua kidole: Kiingereza, Papa!

"Non, sikia kwanza, Mwalimu, kuko..."

Kidole tena. Mzee wa watu akayatafuta maneno, asiyapate, akashusha pumzi akanipisha.

Ndani, meza imeondolewa, viti vimepangwa ukutani, na watu wamejaa hadi jikoni. Wanawake wengine wameketi chini kwenye godoro, vichwa vimefungwa vitambaa. Juu ya kabati kuna picha ya bibi mmoja na mshumaa unawaka. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi (Mungu anisamehe) nilidhani sifa za darasa langu zimeenea mpaka Matonge, mtaa wa Wakongo, na kwamba bibi yule ana sikukuu ya kuzaliwa.

Nikasimamisha ubao wangu mdogo kitini, nikaandika, nikawaomba wasimame mmoja mmoja, waseme kwa Kiingereza majina yao na kwamba leo wamefurahi sana. Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kumwaibisha mwalimu nyumbani mwa watu, kwa hiyo mzee mmoja mwenye koti jeusi akainuka, akasema anaitwa Papa Déo na leo amefurahi sana, machozi yakimtiririka. Nikamsifu kwa matamshi. Makofi.

Ndipo Maman Nabintu, kule kwenye godoro, akainua mkono.

Moyo wangu ukaruka. Nikamwambia asiogope, aseme polepole, tunamsubiri. Akaondoa kitenge mdomoni, akasema kwa Kiingereza safi, bila kukosea neno: mama yangu amefariki jana, Bukavu.

"Vizuri sana!" nikapaza sauti. "Sentensi nzima! Tena, Maman, tena!" Nami nikapiga makofi, na wanafunzi wangu wawili wa nyumba nyingine, kwa mazoea, wakapiga pamoja nami.

Makofi yalikufa moja moja, la mwisho likiwa langu. Ndipo nikaisikia ile sentensi. Nikaitazama picha, nikautazama mshumaa, nikabaki na chaki mkononi kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi.

Papa Bahati akakohoa. "Bon, Mwalimu. Sasa naweza sema Kiswahili?"

Papa Déo akanivuta koti. "Ikala, mutoto yangu. Ulikuja, ni muzuri. Weka ile ubao chini." Nikaketi. Nililetewa chai, na hiyo chai, niamini, ilikuwa ngumu kumeza kuliko mfupa.

Sikurudi mpaka walipokuja kuniita wenyewe. Baadaye Maman Nabintu akaenda ubalozini, akatoka amepita. Nikamuuliza walimuuliza nini.

"Waliniuliza juu ya wazazi. Alors, mimi nikasema ile sentensi yako. Niliondosha tu 'jana'." Akanitazama kidogo. "Hawakupiga makofi, Mwalimu. Wale wana adabu." Kisha akacheka, bila kufunika mdomo.

Basi nawe ukienda kumfundisha mtu nyumbani kwake, weka ubao wako nje ya mlango, muulize kwa lugha yake kuna nini leo, kisha nyamaza mpaka amalize kukujibu.