Shangazi na Makangaga ya Bondeni

Juzi, rafiki yangu, niliteremka sokoni Keumbu kununua ndizi, nikamwona msichana akiuza kangaga lililopandwa kwenye mkebe wa rangi. Lilikuwa changa, ncha ya jani ingali imejikunja kama mkia wa kinyonga. Nilisimama pale mpaka mwenye ndizi akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Moyo ulikuwa umenirudisha kwetu, upande wa Gesima, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Siku hizo chai ilikuwa haijafika mbali mteremkoni. Chini yake palikuwa na bonde lenye kijito, na makangaga yalijaa kote: juu ya mawe yaliyolowa, kwenye magogo, hata kwenye matawi ya miti mikubwa. Sisi watoto tulifunikia mitungi majani yake ili maji yasimwagike njiani. Mvua ilinyesha alasiri, na ikikatika ungesikia harufu ya udongo ikichanganyika na moshi wa jikoni kwa nyanya, ambako chinsaga ilichemka polepole na maziwa. Mboga chungu ile, ukiizoea, hutaki nyingine.

Shangazi, kitinda mimba wa nyanya, alikuwa wa kwanza kijijini kwetu kufika chuo kikuu. Likizo moja ndefu alikuja na viatu vya mpira na rundo la magazeti makuukuu. Kila asubuhi alishuka bondeni kuchunguza makangaga: lipi lapenda kivuli, lipi lastahimili jua, lipi haliishi ila penye maji yanayotiririka. Jioni aliyapanga katikati ya magazeti, akayalaza chini ya godoro la nyanya ili yakauke yakiwa bapa. Nyanya alilalamika kwamba analazwa juu ya msitu, lakini hakuyaondoa.

Kisha mtoto wa jirani akashikwa na homa kali, na minong'ono ikaanza. Msichana asiyeolewa, anazunguka mtoni peke yake akichuma majani ambayo hata ng'ombe hawali, anatafuta nini? Kwetu tuhuma ya uchawi haichezewi. Wanawake wakaacha kumsalimu kisimani. Mama akatukataza kupokea chochote kutoka mkononi mwake, nami nikaanza kumwogopa.

Babu alimwita uani. "Mwanangu, acha hayo majani. Rudi chuoni."

"Nikiondoka sasa, baba, watasema nimekimbia."

Ijumaa hiyo nyanya alipika chakula cha Sabato bila kuimba, na haikuwa desturi yake. Kesho yake, baada ya ibada, alimwendea jirani yule, mama wa mtoto, mlangoni pa kanisa. Mtoto alikuwa ameshapata nafuu hospitalini. "Mwanangu," nyanya alimwambia, watu wote wakisikia, "twende bondeni mchana huu ukaone anachofanya binti yangu."

Wanawake wakafuata na nguo zao za Sabato, viatu mkononi. Shangazi akageuza jani, akawaonyesha vidoa vya kahawia vilivyojipanga chini yake. "Hili halitoi ua," alisema. "Uzao wake ni vumbi hili." Jirani akaligusa. Vumbi likamganda kidoleni, akashtuka. Shangazi akakishika kidole kile, akakipangusa kwenye shavu lake mwenyewe.

Jirani akamgeukia nyanya. "Mama, mtoto alikuwa anaungua. Nilitafuta wa kulaumu."

Walipopanda kilima, jirani aliingia jikoni kwetu, akapokea maziwa lala kutoka mkononi mwa shangazi. Sote tulimtazama akinywa mpaka akamaliza.

Lakini si wote waliorudi kumsalimu. Wapo walioendelea kumkwepa njiani mpaka likizo ikaisha. Shangazi alimaliza masomo, akafundisha mbali, na hakujenga nyumbani. Kila alipotutembelea alikuja na mkoba mdogo, wa kulala usiku mmoja tu.

Siku hizi bondeni kuna mikaratusi, na kijito kimebaki uzi. Nimeshuka huko, nikakuta magome makavu tu. Majina ya Kilatini ya makangaga yale yamo vitabuni, shangazi alihakikisha. Lakini yale ya Ekegusii, tuliyokuwa tukiitana nayo kisimani kwa utani, yamenitoka. Na pale kilimani hajabaki wa kumuuliza.