Koti la Baba Neema

Leo nimemkana mume wangu mbele ya Waswidi.

Msinihukumu kabla sijamaliza.

Baba Neema alijiandikisha mbio za kilomita tano mjini. Baridi ya leo mnaijua, hata kope zinaganda. Nikamwambia avae suruali mbili. Akasema yeye ni mtu wa Makete, baridi ndiyo iliyomlea.

Wasimamizi kuona Mwafrika mwembamba, wakamsogeza mstari wa mbele kabisa. Na yeye akakubali. Akanirushia koti, akawapungia watu mkono.

Jamani.

Kabla ya kona ya kwanza vijana wote wameshampita. Kisha wazee. Kisha mama mmoja anayesukuma kigari cha mtoto. Amemaliza wa mwisho, masharubu yameota barafu, anatembea kama kuku aliyefungwa miguu.

Bibi mmoja wa Kiswidi pembeni yangu alikuwa anacheka mpaka machozi. Akaniuliza, "Huyo ni wako?"

Nikasema simjui.

Baba Neema akaja moja kwa moja, anatetemeka. "Mama Neema, nipe koti."

Nikatazama pembeni.

Binti yetu, miaka sita, akasema kwa Kiswidi kilichonyooka, kila mtu akasikia: "Mama, mpe baba koti lake."

Bibi akaacha kucheka. Sasa ananitazama mimi.

Nyie mngefanyaje?

Kwenye treni ya kurudi Hagsätra Baba Neema amekaa mbali nami. Karibu na kwetu ndipo akafungua mdomo:

"Neema, muulize yule mama anashuka kituo gani."