Ukifika Panda, Shuka

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mjukuu wangu Njeri, ilianza vizuri sana. Jua lilitoka mapema, barabara ilikuwa imeanza kukauka baada ya wiki nzima ya mvua, na shosho wako alikuwa amekaa kwenye keria ya baiskeli yangu akiimba. Tulikuwa na miezi minne tangu tuoane. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilijiona najua kila kitu isipokuwa kupika.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikikusimulia kwa mdomo utanikatiza, na shosho atanisahihisha kila sentensi. Jumapili iliyopita, tukiwa jikoni, ulituambia jinsi mzee mmoja wa kule Kipkelion alivyokuelekeza njia ulipokuwa ukiipima kwa baiskeli ile njia ya wageni wako. Ukaigiza matamshi yake. Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikiwemo, sikatai, maana unaigiza vizuri. Lakini ulimwona shosho? Aliweka kikombe chini, akanitazama mimi, si wewe, kisha akatoka akichechemea na ule mguu wake kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa. Nikajua zamu yangu ya kusema imefika.

Nyinyi wajukuu mmeambiwa siku zote kwamba shosho aliteleza shambani. Si kweli. Mimi ndiye niliyemwangusha.

Siku hizo hakuna mtu wa hapa Londiani aliyepanda baiskeli kwenda kuona mahali tu. Baiskeli ilikuwa ya kubeba viazi, maziwa au mgonjwa. Lakini shosho wako alikuwa amemsikia dereva wa lori la viazi akilitaja soko la Merigi, kule Bomet, na jina hilo likamwingia moyoni. Alilirudia akipalilia, alilirudia akiosha vyombo. "Merigi. Hata wewe sema uone vile ni tamu." Nikamwahidi kwamba viazi vikishavunwa nitampeleka, tuone chai njia nzima, tunywe soda Merigi, turudi. Huo ndio ulikuwa mpango wote. Watu walituona wazimu.

Siku ya kwanza tulifika Kericho tukalala kwa binamu yangu. Siku ya pili, hiyo ninayokuambia, tukashika njia za ndani za murram, zisizo na lami, katikati ya mashamba ya chai. Wewe umeyapita, sina haja ya kukuchorea. Nitasema tu kwamba sisi tulizoea viazi na miti ya msitu, na shosho alipoona kijani kile kimekatwa sawasawa mpaka juu ya vilima, aliacha kuimba. Kila tulipopita mtu swali lilikuwa moja: "Mnauza nini?" Tukijibu kwamba hatuuzi kitu, wanatutazama mifuko.

Mahali njia ilipogawanyika tukamkuta mzee ana kikapu cha majani ya chai mgongoni. Alikuwa amekitua kidogo apumzike. Mimi sikushuka. Niliweka mguu mmoja chini, ule mwingine ukabaki kwenye pedeli, nikamuuliza njia ya baiskeli ya kwenda Bomet hivyo hivyo. Alitusalimia kwanza, Chamgei, polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Kisha akanyoosha fimbo upande wa bonde.

"Fuata hii," akasema. "Lakini sikia kijana. Ukifika panda, shuka."

"Nikifika nifanye nini?"

"Ukifika panda, shuka!" Akainua mkono wake wazi, hivi, kama askari wa barabarani.

Nikamshukuru nikaondoka, na hatukuwa tumeenda mbali nilipoanza kucheka. Ukifika, panda, shuka! Nilidhani mzee ananipa habari za vilima, kwamba kuna kupanda na kushuka, jambo ambalo magoti yangu yalikuwa yameshaniambia tangu asubuhi. Nikaufanya wimbo. Tukipanda kilima naimba panda, tukiteremka naimba shuka, kwa sauti yake yule mzee, nikiongeza chumvi.

Shosho wako alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. "Wee," akaniambia mgongoni, "yule mzee alikuwa anatuonya. Uliona vile aliinua mkono? Turudi tumuulize vizuri."

"Turudi kilima chote hicho? Hawa watu ndivyo wanavyoongea."

Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Hawa watu. Nayaandika maneno hayo jinsi yalivyotoka kinywani mwangu, na hadi leo nayaonea aibu.

Baada ya vilima kama vitatu tukaona banda la kupimia majani, lile la mabati, na kina mama wamepanga foleni na vikapu vyao. Baada ya hapo njia ilikata kona ikaporomoka kuelekea mtoni. Nilikuwa kwenye kasi na upepo ulikuwa mtamu. Wale kina mama wakapiga kelele, wakapunga mikono yote miwili, na mimi nikapunga pia nikidhani wanatushangilia. Nilipokata kona nikaona daraja. Nguzo zilikuwepo. Mbao zote zilikuwa zimebebwa na ile mvua ya wiki nzima, ukabaki mti mmoja ambao watu walivukia kwa miguu.

Nilikamata breki. Unajua baiskeli ya Black Mamba na breki zake za chuma kwenye murram mbichi. Nikaitupa baiskeli kwenye mtaro ili tusiingie mtoni, nikarushwa juu ya michai bila hata kuchubuka. Baiskeli ilimwangukia shosho wako. Nilisikia mguu wake ukivunjika, mwanangu. Sauti hiyo sijawahi kumweleza mtu, hata yeye.

Kina mama ndio waliotangulia kufika. Walimlaza kwenye leso zao, wakamfuta matope usoni, wakamwita binti yetu ingawa hawakumjua. Baada ya muda nikamwona yule mzee akishuka kona na kikapu chake, kwa miguu, kwa mwendo wake ule ule. Alikuwa akipeleka majani pale pale bandani. Jina lake lilikuwa arap Sigei.

Nilitamani anichape. Hakunichapa. Alichuchumaa kando ya shosho wako, akamshika mkono, akatuma mtu akamwite mama mmoja wa jirani aliyejua kuunga mifupa. Ndipo akanigeukia.

"Mimi nilisema panda," akasema. "Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia panda, mzee."

"Sasa? Si ndio hii?" Akanyoosha fimbo kule juu kwenye mabati.

Banda! Ulimi wake ulitoa p mahali pa b, naye alikuwa ameniambia nikifika bandani nishuke kwenye baiskeli.

"Na wewe, hiyo kitu yako iko kwa mtaro inaitwa nini?"

"Mbaiskeli," nikasema.

Kina mama wakaangua kicheko. Hata shosho wako, machozi yakimtoka kwa maumivu, alicheka. Unajua sisi ulimi wetu, tunaweka m mahali ambapo hakuna aliyeiomba. Mzee hakucheka.

"Kule juu uliniuliza, njia ya mbaiskeli ni gani. Mimi nikajua ni baiskeli. Sikio yangu ilikusaidia. Kwa nini yako haikunisaidia?"

Nimesikia mahubiri mengi kanisani tangu siku ile. Sikumbuki hata moja kama ninavyoyakumbuka maneno hayo.

Tulikaa kwake wiki tano. Mkewe alimlisha shosho wako uji na mursik, yale maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu, mpaka akanawiri. Mimi nilibeba kikapu cha majani cha arap Sigei kila siku hadi bandani, na kila nilipofika nilishuka kilima kile kutazama mtaro. Wanaume wa pale waliporudisha mbao za daraja nilikuwa miongoni mwao. Mfupa uliunga, ila mguu ukabaki mfupi kidogo, na shosho wako akatembea hivyo mnavyomwona. Lori likaturudisha Londiani. Merigi hatukufika. Viazi vilitaka kupandwa, kisha baba yako akazaliwa, kisha mambo mengine, unajua maisha yanavyokwenda. Yeye mwenyewe hakuitaja tena, na mimi sikuthubutu kuitaja.

Hajawahi kunilaumu. Akiwa na furaha, ninapomsaidia kupanda ngazi za kanisa, huninong'oneza sikioni, panda, tukitoka huninong'oneza, shuka. Nampenda.

Sasa Jumamosi hii wewe unawaongoza wageni wako wa kwanza kwenye njia uliyoichora mwenyewe, Londiani, Kipkelion, mashamba ya chai, hadi Merigi. Nilipoliona jina hilo kwenye simu yako nilitoka nje kidogo. Njia yako ni nzuri, na ramani yako inajua kilomita na vilima. Haijui mvua iliyonyesha jana. Hiyo anaijua mtu mwenye kikapu mgongoni.

Basi nakuomba haya. Ukikutana na mtu, shuka kwenye baiskeli, miguu yote miwili chini, usalimie kabla ya kuuliza, na uwafundishe wageni wako kufanya hivyo. Usipomwelewa, kosa lichukue liwe la sikio lako, umuulize tena. Na ukiwa umeshapita mbali ndipo wasiwasi ukuingie, geuza, hata kama kilima ni kirefu na wageni wananung'unika. Mimi nilikataa kugeuza kilima kimoja, na shosho wako amechechemea maisha yake yote. Kuigiza watu siwezi kukukataza, maana hiyo umeirithi kwangu, lakini ujue kwanza walichosema.

Lile banda bado lipo, mabati mapya. Hapo kwenye ramani yako andika Panda, kwa herufi P, nami nitaelewa, na shosho ataelewa. Kisha ukifika sokoni, nunua soda, umpigie shosho simu, umweleze kunafanana vipi. Usiharakishe, mweleze yote.

Mungu akulinde kwenye kona, akupe breki nzuri na masikio mazuri zaidi. Wewe uliyepewa jina la shosho wako, akufikishe Merigi, mwanangu, mahali ambapo mimi sikumfikisha.