Meno ya Plastiki

Plastiki ilipoingia Songea niliifurahia kama watu wengine wote, nisidanganye. Kabla yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni na kuchota maji kwa madebe yanayovuja. Mara ikawa ruksa kuleta bidhaa za nje, maduka ya Majengo yakafurika ndoo za rangi, mabeseni, sahani na kandambili zinazonukia upya. Haukupita muda tukaanza kusikia kwamba watoto nao siku hizi wanaota meno ya plastiki. Nani alianza kuyasema hayo? Sijui mpaka leo, na ningemjua ningemfuata kwake.

Walisema hivi: mtoto akishikwa na homa, akaharisha, akakataa titi, mfunue ufizi. Ukiona weupe umevimba pale panapoota chonge, hilo si jino, ni plastiki, lichokolewe upesi. Na ole wako umpeleke hospitali kwanza, maana mtoto mwenye meno ya plastiki akichomwa sindano anakufa. Hapo ndipo walipotufunga. Mtoto ananyimwa dawa, akifa wanakuambia, umeona, tulichelewa kuyatoa.

Binti yangu wa kwanza alifunuliwa ufizi na mama mkwe wangu, nyumbani kwetu Mshangano. Alimpenda mtoto yule, hilo siwezi kumnyima. Alimwita mke mwenzangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na asubuhi alikuwa anamgombeza: "Mke mwenzangu, mume wetu kaenda shamba, wewe umekaa tu unanyonya!" Mtoto anacheka kwa ufizi mtupu, na sisi tunacheka.

Siku mtoto aliposhikwa na homa, mama mkwe akanituma maji. Niliporudi na ndoo kichwani, nilimkuta mwanamke mmoja wa Mjimwema anasuuza spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha, na mwanangu mdomo umejaa damu na chumvi. Mama mkwe akanionyesha kiganjani vitu viwili vyeupe, laini, kama punje za mahindi mabichi. "Umeona? Plastiki hiyo." Nikaangalia. Kweli vilikuwa laini. Mtoto hakunyonya tena. Uso ulivimba, homa ikapanda, na tukamzika kwenye baridi ile ya Juni, udongo wenyewe mkavu, mgumu.

Baadaye Mungu akanijalia wa kiume. Huyu bibi yake alimwita mume wangu. Alipofikia umri ule ule wa dada yake, homa ikamshika. Akaharisha, macho yakaingia ndani, titi hataki. Baba yake alikuwa Mbinga kwenye kazi za kahawa. Mama mkwe hakuniuliza kitu. Alibandika maji ya chumvi jikoni, akatuma mtu Mjimwema.

Nikamwona yule mwanamke anakuja, spoku yake kaifunga kwenye kitambaa safi, anapiga hodi kwa heshima zote. Na mimi nikamwamkia shikamoo, jamani! Mdomo ulisema wenyewe.

"Mlete mume wangu," mama mkwe akasema, kanyoosha mikono.

"Simtoi, mama."

"Unataka afe kama mwenzake?"

Eeh! Kama mwenzake! Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. "Mwenzake alifia mikononi mwenu," nikamwambia. Kwetu mkwe hajibiwi hivyo. Yule mgeni akainamisha kichwa, na mama mkwe akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Nenda basi. Ukimchoma sindano unamzika, na hapa usirudi." Nikamfunga mtoto mgongoni nikatoka. Kandambili moja ilikatika njiani, nikaitupa, na ya pili nikaitupa.

Msidhani nilikuwa jasiri, wala msidhani nilijua kitu. Nilikuwa naamini meno ya plastiki kama wao. Nilichojua ni kwamba spoku ilishaniulia mmoja, sindano bado. Kila mtoto alipotulia mgongoni nilimfinya paja alie, na akilia nashukuru. Kuna mahali nilimfinya hakulia. Hapo nilikimbia peku nikipiga kelele barabarani, Mama Maria, huyu hapana, huyu niachie, na watu wakasimama kuniangalia kama mwendawazimu.

Muuguzi wa zamu pale hospitali alimpokea, kitu cha kwanza akamfunua mdomo. "Mmechokoa?"

"Hapana, dada."

"Afadhali. Ninyi akina mama mtatumalizia watoto!"

Ilikuwa malaria, na maji yalikuwa yamemwishia mwilini. Sindano ilipoingia nilifumba macho nikangoja afe. Nilisikia kilio, chembamba, cha hasira. Nikafumbua macho, na yeye kafumbua yake.

Nilirudi naye Mshangano kwa sababu sikuwa na kwingine. Mama mkwe akampokea mtoto, akampakata. Tangu siku hiyo tuliishi kwa salamu: nampa uji, anakunywa, basi. Moyoni nilikuwa na maneno yangu niliyoyatunza tangu msiba, makali, nasubiri tu siku yake.

Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea chonge zilipotokeza. Bibi yake alikuwa amempakata mlangoni, anamlisha ugali, akang'atwa kidole.

"Ala! Mume wangu, unaning'ata?" Akacheka. Akamfunua mdomo, akapitisha kidole pale pale pembeni, akagonga kwa ukucha, akagonga tena. Lilikuwa jino. Jeupe, gumu, lenye ncha kama ya mtoto yeyote.

Nilikuwa napepeta mahindi, nikauweka ungo chini. Nikajua siku yangu imefika. Mama mkwe akaniinulia uso, kidole bado kimo mdomoni mwa mtoto. Ni marehemu sasa, Mungu ampumzishe, lakini uso ule ninao mpaka leo. Maneno yangu yote yakanikauka.

"Basi hata yule mke mwenzangu," akasema, "alikuwa anaota meno tu."