Michungwa ya Madale

Tulipohamia Madale, bonde lilikuwa bado na michungwa mingi kuliko nyumba. Nilikuwa naondoka alfajiri kwenda kazini mjini na kurudi giza limeshaingia, hivyo majirani niliwajua kwa taa zao tu. Jumamosi moja nikamkuta mama mtu mzima uani kwetu, anachuma machungwa na kuyatia kwenye kanga. Ndiye aliyetuuzia kiwanja, akabaki na kipande kinachopakana nacho.

“Shikamoo, mama,” nilisema.

“Marahaba, mwanangu.” Kisha akashtuka. “Jamani! Miguu imenileta yenyewe. Hii michungwa nilipanda na marehemu mume wangu.”

Akataka kuyaacha machungwa. Nikamzuia, nikamletea kigoda, mke wangu akachemsha chai. Akatuonyesha mti wenye machungwa matamu kuliko yote, na mahali walipokuwa wakilima mihogo: palepale ilipo sebule yetu. Nikajiona mgeni ndani ya nyumba yangu.

Fundi alipokuja kujenga ukuta, nilimwambia aache mlango mdogo upande wa kwa mama. Siku hizi bonde limejaa mabati, lakini yeye huingia bila hodi, na wanangu humwita bibi.